Shangazi, karatasi iko tupu na vyombo vimejaa sinki

Shangazi shikamoo. Nina watoto wawili, binti wa miaka 8 na mdogo wake wa kiume miaka 5. Kila wikiendi nawawekea karatasi na kalamu za rangi mezani ili nipate upenyo wa kufua, wanakaa dakika tano tu, binti anasema "mama sijui nichore nini", mdogo anachora gari lilelile la kila siku, halafu wanaanza kugombana. Nikiwapa aidia, chora ua, chora nyumba, wanachora ila kama wamelazimishwa. Rafiki yangu kaniambia niwashirikishe kazi za nyumbani ndo watapata cha kuchora. Sasa mimi mwenyewe hizo kazi nazikimbia, mtoto atapata raha gani hapo? Na muda wa kuandaa projekti sina kabisa.
Mama Wawili

Marahaba mwanangu. Rafiki yako yuko sawa ila kakupa nusu ya maneno. Binti yako hana shida yoyote ya kuchora, shida ni kwamba unamkalisha mbele ya karatasi kabla mikono yake haijashika kitu. Mtu mzima unaweza kumwambia ua akalifikiria akalichora, mtoto anachora alichokishika, alichokimwaga, kilichomponyoka. Kwahiyo geuza utaratibu, kazi kwanza karatasi baadaye, na kazi iwe kazi kweli. Usimpe kitambaa kikavu eti afute meza ambayo ulishaifuta, watoto wana pua kali sana ya kunusa kazi ya uongo.

Anza na vyombo maana hapo ndo penye mali nyingi. Weka beseni la maji ya sabuni, vikombe vya plastiki na vijiko, visu na glasi vitoe kabisa. Waache waoshe, wataosha vibaya, poa tu. Katikati ya kuosha waonyeshe kitu kimoja: mtoto achovye mkono kwenye sabuni, aunganishe kidole gumba na cha shahada vifanye duara, autoe mkono taratibu. Hapo kwenye duara patakuwa na utando wa sabuni. Aushike wima, aelekee dirishani, atulie. Ataona rangi zimejipanga mistari ya kulala, waridi, kijani, njano, waridi tena, na mistari hiyo inateremka yenyewe polepole hakuna aliyeigusa. Ni kwa sababu maji ndani ya utando yanavutwa chini, kwahiyo juu panazidi kuwa pembamba, na rangi zenyewe zinaletwa na unene wa utando, mwanga mwingine unarudi kutoka uso wa mbele na mwingine kutoka uso wa nyuma halafu inakutana njiani. Ukiwa na bahati, sekunde chache kabla haujapasuka, pale juu panakuwa peusi kabisa kama pana tundu. Mtoto akishaona hilo jeusi mara tatu nne mpe karatasi saa hiyohiyo, hata kama mikono bado imelowa, halafu uone kama gari litachorwa siku hiyo.

Kwa binti wa miaka 8 kuna nyongeza. Chukua mfuniko wa plastiki unaoonyesha ng'ambo, ulaze juu ya povu ubonyeze kidogo, halafu muangalie wote kwa juu. Mapovu yanabanana yanakuwa vyumba vyumba, na kila kona utakuta kuta tatu zinakutana, sio nne. Nne zikijaribu kukutana zinateleza zenyewe mpaka zinakuwa tatu tatu. Kanuni za mambo haya zilichapishwa mwaka 1873 na mwanasayansi wa Ubelgiji anaitwa Joseph Plateau, na huyo mzee alikuwa kipofu kwa miaka mingi kabla ya hapo, watu wake wa karibu ndo walikuwa wanamtazamia povu wanamsimulia. Mimi hiyo habari huwa inanikaa kichwani kila nikiosha sufuria. Basi mwambie binti ajaze karatasi nzima vyumba vya povu, sharti moja tu, kila kona mistari mitatu, halafu apake kila chumba rangi yake. Atakaa hapo muda wa kutosha wewe kumaliza kufua, nakuambia.

Ukishafika kwenye kuanika, mtandike karatasi kubwa chini ya kamba, hata boksi lililofunguliwa linafaa, wakamate kivuli cha nguo kwa penseli. Huku shati huku soksi mbili. Baada ya nusu saa warudi wachore tena kwa rangi nyingine palepale, watakuta kivuli kimehama, kwasababu jua kwa macho yetu linatembea nyuzi 15 kila saa, na kama kuna upepo ndo raha zaidi maana shati halikubali kushikwa. Hapo mwanao mdogo wa miaka 5 atakasirika sana na lile shati. Mwache akasirike, mistari ya hasira ni mizuri.

Kukunja nguo nako kuna kitu ila sitaeleza sana, karatasi ikunje katikati kama unavyokunja fulana, tone la rangi ndani, bonyeza, fungua. Na karatasi iliyofinyangwa kama nguo kabla ya pasi, ukiilowesha ukaipaka rangi ya maji, mikunjo inanywa rangi kuliko sehemu nyingine, inatoka kama mishipa.

Usifanye vyote siku moja tafadhali. Na usiandae. Mimi niliwahi kuandaa meza nzima, sponji nimezikata maumbo, rangi kwenye visahani, aproni, watoto wakapita hapohapo wakaenda nje kuchora kwa maji machafu ya ndoo ya deki. Nilinuna. Ila walichochora kwa ile ndoo kilikuwa kizuri kuliko vile visponji vyangu vya nyota, hilo nalikubali.


Mambo Shangazi. Mimi ni baba, mwanangu ana miaka 3 na nusu. Juzi nilikuwa napiga deki naye akashika kitambaa akanisaidia, kwa kweli alikuwa anasambaza maji tu. Baadaye akachora mistari mistari imezunguka imezunguka mpaka karatasi ikatoboka, nikamuuliza ni nini akasema "deki". Mi sioni deki hapo. Je nimfundishe kuchora deki lenyewe, kwamba kuna mpini na kitambaa, au nimuache? Mama yake anasema namuacha sana.
Baba Deki

Baba Deki jina lako limenichekesha. Muache, tena usimguse kabisa.

Kati ya miaka 2 na 4 hivi watoto wengi bado wako kwenye kuvurugavuruga mistari, na mistari ile inatoka begani na kwenye kiwiko kabla haijatoka machoni. Mwanao hakukuchorea kifaa, kakuchorea kitendo. Ile zungusha zungusha mpaka karatasi ikatoboka ndo kusugua kwenyewe, sasa wewe unatafuta mpini. Tena kuipa jina ni hatua, maana yake ameanza kuona kwamba alama iliyoko kwenye karatasi inaweza kusimama badala ya kitu kilichotokea, na hilo wengine linakuja baadaye zaidi. Ukimfundisha sasa hivi mpini na kitambaa utapata kijiti kimoja na mtoto ambaye kila akichora anakuangalia usoni kwanza kujua kama kapatia.

Badala ya kumuuliza "hii nini", muulize "hapa mkono wako ulikuwa unaenda wapi". Atakuonyesha kwa kurudia. Nunua karatasi nene tu.

Na kwa kuwa umegusa deki ngoja nikupe kisa. Mchoraji mmoja Mjerumani, Max Ernst, mwaka 1925 alikuwa kwenye nyumba ya wageni pwani ya Ufaransa, mvua inanyesha, hana pa kwenda, akawa anaangalia sakafu ya mbao. Sakafu ilikuwa imesuguliwa miaka na miaka mpaka mistari ya mbao imesimama juu. Akatupa karatasi chini, akasugua kwa penseli, mistari ikapanda kwenye karatasi, akaanza kuona misitu na wanyama ndani yake. Njia hiyo inaitwa frottage, kwa Kifaransa maana yake ni kusugua tu, hivihivi kama unavyosugua sakafu. Kwahiyo watu waliopiga deki pale miaka yote ndo walimwandalia yule bwana kazi yake na hakuna anayewajua majina. Wewe na mwanao mnaweza kufanya leo: lala chini na karatasi nyembamba, krayoni iliyovuliwa ganda ilazwe ubavu, sugueni sakafu, kisha upande wa nyuma wa ufagio, kisha kizoleo, kisha mlango wa kabati. Miaka 3 na nusu anaweza kabisa, wewe shika karatasi isitembee, maana ikitembea ndo anakata tamaa.

Kama sakafu yenu ni saruji au ya nje, kuna hii pia: mwaga maji kidogo pafanyike kidimbwi, azungushie chaki pembeni. Subirini, kidimbwi kitapungua, azungushie tena. Maji yakiisha kunabaki duara ndani ya duara ndani ya duara. Hiyo ni picha ya maji yakiondoka, na hakuna haja ya kumwambia hivyo.

Mama yake mpe salamu, mwambie Shangazi kasema umuache zaidi.


Shangazi, naomba kujua, maganda ninayomenya jikoni yanaweza kutoa rangi ya watoto kuchorea? Na je dawa za usafi, maana binti yangu wa miaka 7 aliona nguo yangu imedondokewa na dawa ya klorini ikapauka doa akasema "mama tuchore hivyo", nikasema ngoja nimuulize Shangazi.
Mpenda Rangi

Maganda ndiyo, dawa hapana.

Hilo la dawa nianze nalo. Najua lile doa lilivutia, mtoto wako ana jicho. Lakini dawa ya klorini inachoma ngozi na macho, na kuna jambo ambalo hata watu wazima wanalifanya bila kujua: ukiichanganya na siki inatoa gesi ya klorini, ukiichanganya na kitu chenye amonia inatoa gesi nyingine ya hatari vilevile. Mtoto anayechezea chupa za usafi hachagui. Zikae juu, zifungwe, na siku ya kuchora zisiwepo hata mezani. Kama anataka lile jambo la kupauka mfanyie kinyume chake kwa mshumaa: achore kwa mshumaa mweupe kwenye karatasi nyeupe, hakionekani anachochora, halafu apitishe rangi ya maji juu yake kwa sponji kama anafuta meza. Nta inakataa maji, mchoro unabaki mweupe. Ni raha hasa pale anapofuta, anasema "mama nafuta na inatokea".

Sasa maganda. Yale makavu ya nje ya kitunguu yachemshe kwenye maji kidogo, kuchemsha ni kazi yako wewe, mpaka maji yawe ya rangi ya chungwa iliyoiva au kahawia. Yapoe, yachujwe, hapo unayo rangi. Manjano ya unga na maji inatoa njano kali sana, na huku ndo kuna mchezo: karatasi iliyopakwa manjano ikikauka, mtoto achovye brashi kwenye maji ya sabuni au ya baking soda achore juu yake, mstari utageuka mwekundu wa kahawia hapohapo. Mradi sabuni iwe ya magadi kama ile ya mche, sabuni nyingine za maji za siku hizi hazibadilishi kitu. Angalizo mbili, manjano haitoki kwenye nguo kirahisi, na ikikaa juani inapauka, kwahiyo picha hiyo usiibandike dirishani ukaja kunilaumu mwezi ujao.

Masizi ya chini ya sufuria watu huwa wananiuliza pia. Mi siyapendi, yanaingia puani. Kuna penseli.


Michoro imejaa nyumba nzima Shangazi, nikitupa wanalia, nikiweka naishiwa nafasi. Nifanyeje?
Nimezidiwa

Funga kamba ukutani, vibanio vya nguo kumi, basi. Picha mpya ikija moja inashuka, na anayechagua ishuke ipi ni mwenye picha. Zinazoshuka piga picha kwa simu, andika nyuma tarehe na kazi iliyofanyika siku hiyo (kupiga pasi, vyombo, kufagia), zilizobaki nzuri ziweke kwenye boksi moja, na boksi likijaa mkae naye mpunguze. Atatupa zile ambazo wewe ungezitunza, jiandae.


Shangazi wangu, sijui kama swali langu ni la hapa lakini sina pa kulipeleka. Binti yangu ana miaka 6 anachora sana. Mwalimu wake alinionyesha daftari lake lote, picha ya familia, picha ya nyumbani, picha ya siku ya mapumziko, kwenye zote mimi niko kwenye sinki na nimewapa mgongo. Baba yake yuko kwenye kochi, mdogo wake yuko chini na midoli, yeye mwenyewe anacheka, mimi ni nywele na mgongo na kamba ya aproni. Hata siku ya mapumziko Shangazi. Nilifika nyumbani nikalia. Sasa naogopa hata kumshirikisha kazi za nyumbani asije akakua anaona mwanamke ni mgongo. Nimuambie anichore nimegeuka?
Mgongo

Mgongo wangu, swali lako ni la hapa hasa, na nimelisoma mara mbili.

Kwanza usimwambie akuchore umegeuka. Atakuchora umegeuka kwa sababu umeomba, na utajua hivyo kila ukiiangalia. Pili kabla hujalia tena fanya kitu kimoja, nenda ukae kwenye kiti anachokalia yeye anapochora, kwa urefu wake, uinamishe kichwa kabisa, halafu angalia sinki iko wapi. Mi nabashiri utaona anachokiona yeye. Mtoto wa miaka 6 kwa kawaida habuni sana mpangilio wa nyumba, anachora palipo na uzito kwake, na wewe uko pale kila akiinua macho. Ile kamba ya aproni aliyoichora, kachora na fundo lake? Watoto hawachori fundo la mtu wasiyemtazama.

Lakini sitakudanganya kwamba hakuna kitu hapo. Kipo. Baba yuko kwenye kochi kwenye picha zote, na hilo naye kaliona, halijui jina tu. Hilo sio swali la sanaa na dawa yake haipo kwenye kalamu za rangi, dawa yake ni baba kushika sponji, na sio siku moja ya kupigwa picha.

Kuna msanii mmoja wa Marekani, Mierle Laderman Ukeles, alipata mtoto mwaka 1968, akajikuta siku nzima ni kuosha na kufuta na kubadilisha nepi, na watu wakawa wanamwona kama sanaa yake imeisha. Mwaka 1969 akakaa chini kwa hasira akaandika tamko kwamba hizo kazi za kutunza anazozifanya kila siku, kuanzia sasa ndo sanaa yake, na atazifanya mbele za watu. Na akafanya kweli, mwaka 1973 alipiga magoti akaosha ngazi na sakafu za makumbusho ya sanaa ya Wadsworth Atheneum mjini Hartford, saa na saa, wageni wanapita wanakanyaga palipooshwa naye anarudia. Miaka kumi baada ya lile tamko alianza kuzunguka New York kushika mikono ya wafanyakazi wa usafi wa jiji zaidi ya 8,500, mmoja mmoja, akimshukuru kila mmoja. Sikuambii haya ili uone sinki ni tamu. Yule mama hakusema ni tamu, alisema inaonekana au haionekani. Na binti yako, daftari zima, kaifanya ionekane.

Kwahiyo usimwondoe kwenye kazi za nyumbani, mbadilishie mahali pa kusimama. Kesho jioni mvute karibu, mpandishe kwenye kistuli upande wa pembeni ya sinki, si nyuma yako, mpe kazi ya kusuuza vikombe, muongee. Mkimaliza mwambie achore mikono iliyokuwa ndani ya maji, mikono yote aliyoiona, basi, usiseme ya nani. Siku ya pili kistuli kiwe palepale ila kwenye sinki asimame baba yake. Ukiwa unaogopa kumwambia baba yake mwonyeshe daftari, mpe ashike mwenyewe, usiseme neno, funua kurasa polepole.

Halafu niandikie nijue mikono ilitoka mingapi.